Kalamu Nyekundu ya Mwalimu wa Kwaya

Miaka ya 1980, katika kwaya za parokia mkoani Dodoma, mtunzi chipukizi hakuzunguka akiuliza watu kama wimbo wake ni mzuri. Aliunakili kwenye daftari kwa nota za herufi, sauti nne zikipangwa moja chini ya nyingine, akampelekea mwalimu wa kwaya na kusubiri mazoezi. Waimbaji wakitoka kanisani huku wanauimba njiani, alijua umepita. Wakitoka wakizungumzia bei ya mahindi, alijua pia.

Mtunzi mmoja aliyekulia katika kwaya hizo, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, bado anayatunza madaftari yake. Ya mwanzoni yana wino mwekundu mwingi kuliko wa bluu. Mwalimu wake wa kwaya alikuwa amefundishwa muziki na wamisionari, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichora duara pale palipomchukiza, akarudisha daftari. Siku alizozungumza, alizungumza hivi: "Mwanangu, hapa umewanyonga besi. Watavuta pumzi wapi?"

Maduara mengi yalihusu mambo ya kawaida kabisa: pumzi, teno iliyopandishwa mno, na mkazo wa maneno. Hili la mkazo liliwasumbua watunzi wengi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zilibanwa ndani ya tuni zilizokwishatungwa kwa lugha nyingine, na neno "Bwana" likaweza kuangukia pigo zito kwenye "na". Kijana aliyekua akiimba hivyo tangu utotoni alitunga hivyo hivyo bila kusikia kasoro. Kalamu nyekundu ndiyo iliyomfungua masikio.

Nota zenyewe za herufi zilikuwa zimesafiri mbali. Zilianzishwa na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, kisha John Curwen akazisambaza kuanzia miaka ya 1840 ili watu wasiojua kusoma nota za mistari mitano nao waimbe kwa sauti nne. Wamisionari wakazileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 tuni inayowasimamisha Watanzania leo kila Mungu Ibariki Afrika inapoimbwa. Naye aliandika nyimbo zake kwenye daftari, kwa nota hizo hizo.

Kijana wa Dodoma alipoanza kuandika, milango ilikuwa wazi kuliko wakati wa babu zake. Mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen alikuwa ameonyesha kwa Misa Luba kwamba Misa yaweza kuimbwa kwa tuni na ngoma za Kiafrika hata maneno yakiwa ya Kilatini. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huo huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima yake. Upande wa Walutheri, Bernard Kyamanywa alitunga Mfurahini, Haleluya akiwa mwanafunzi wa teolojia Makumira, Howard Olson akautafsiri kwa Kiingereza, na sasa umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani.

Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na kitabu cha harmonia kilichokuwa mezani kwa mwalimu ni jambo jingine. Kitabu hicho kilikataza sauti mbili kutembea sambamba zikiwa zimeachana kwa nota tano. Kwa muziki wa Ulaya wa karne kadhaa, katazo hilo lina maana: sauti mbili zikitembea hivyo zinasikika kama moja, na kazi ya kupanga sauti nne inapotea. Kwa Wagogo wa Dodoma, kutembea sambamba hivyo, kwa nota nne au tano, ndiyo kuimba kwenyewe. Kijana alikuwa amezisikia sauti hizo kwa bibi yake na kwenye ngoma za mavuno kabla hajajua kushika kalamu. Zikaingia kwenye tungo zake. Zikachorwa duara.

Akajirekebisha. Nyimbo zake za miaka iliyofuata ni safi, hazina duara hata moja, na hazina mwenyewe. Ukipewa leo bila jina utadhani zimetungwa na mtu yeyote aliyesoma kitabu kile.

Hapo ndipo Hukwe Zawose alipoingia, ingawa hawakuwahi kuzungumza. Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpigaji zeze na ilimba, alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na sifa zake zikafika Ulaya na Japani. Mtunzi alimsikia redioni, akasikia nota zile zile alizofutiwa, zikiimbwa na mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea.

Hakukimbilia kumwiga. Alichobadilisha ni mtu wa kumuuliza. Katika kwaya yake walikuwamo akina mama waliopiga muheme, ngoma ya wanawake inayobanwa katikati ya mapaja. Aliwapelekea sauti ya kwanza peke yake, bila nota za sauti nyingine. "Mama zangu, hii nimeshindwa kuimalizia. Nisaidieni." Wakaicheka kidogo, wakaiimba, na bila kuagizwa nusu yao wakashuka nota nne chini na kutembea nayo hadi mwisho. Yeye akakaa pembeni anaandika anachosikia. Sauti ya besi alitunga mwenyewe, nyepesi, ikikaa palepale huku wenzake wakitembea.

Daftari likarudi kwa mwalimu. Mwalimu alilisoma siku kadhaa. Liliporudi lilikuwa na duara moja tu, kwenye besi, mahali pa kuvuta pumzi.

Siku hizi maoni huja haraka. Mtunzi anaandika kwa kompyuta, anaituma kazi kwenye kundi la WhatsApp la watunzi, na kabla ya chakula cha jioni amepata vidole gumba na "Hongera sana mwalimu, wimbo mtamu." Kuna neema katika hilo: kwaya ambayo hajawahi kuiona inaweza kumtumia rekodi ya wimbo wake. Ila kompyuta ina hila yake. Inaimba chochote unachoiandikia, haichoki, haivuti pumzi, na teno wake hakauki koo. Watunzi wengi wachanga hupitisha wimbo kwa masikio ya mashine, na waimbaji ndio wanaolipa. Mtunzi huyu wa Dodoma hutuma kazi yake na ombi moja: msinisifu, niambieni mmekwama mstari gani.

Mwaka 2024 kampuni inayomiliki Finale, programu ya kuandikia nota iliyotumika tangu mwaka 1988, ilitangaza kuiacha. Watunzi wenye mafaili ya miaka mingi ikawabidi wayahamishie kwenye programu nyingine. Na hata faili likihama salama, huhama wimbo uliokamilika. Yale yaliyofutwa njiani hayamo. Madaftari yanayo yote mawili, kosa na duara lake. Walimu wa kwaya waliostaafu, na watoto wa wale waliotangulia, msiyaachie mchwa madaftari hayo. Yapigeni picha ukurasa kwa ukurasa, muandike jina la mtunzi na la kijiji chake, mpeleke nakala parokiani.