Nilivyowasugua Majike

Niseme bila kuzunguka: nilipokuwa nikiuza kambakoche nikiwa Kimbo, Ruiru, niliwasugua majike mayai kabla ya kuwapeleka hotelini. Kanuni za uvuvi za Kenya zinakataza kumvua jike mwenye mayai, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza.

Sanduku la barafu lilishuka kwenye basi alfajiri, limetoka pwani, mamia ya kilomita. Nyumbani niliwamwaga kwenye sinki na kuwapindua mmoja mmoja. Jike mwenye mayai hajifichi. Chini ya mkia, kwenye vile vijipezi, mayai huwa yameshikana kwa malaki. Mabichi yana rangi ya chungwa. Yakikaribia kuanguliwa huwa kahawia, na ukimsogeza kwenye taa unaona vitone vyeusi ndani yake. Ni macho. Ya kahawia ndiyo yaliyobanduka kwa urahisi, brashi ya kufulia ikipita mara mbili tu, na nilifurahi nikiyapata. Wakala wangu aliniuzia majike hao kwa bei ya chini. Nami nikishawasafisha niliwauza bei ya wengine.

Nilijitetea kwamba wameshakufa, na kwamba hakuna yai litakalorudi baharini kutoka Ruiru. Ni kweli, halirudi. Tatizo ni kwamba hesabu yangu niliianzia kwenye sinki. Ya kambakoche ilianzia mwambani huko Lamu, pale mzamiaji anapoingiza pweza pangoni kwa fimbo. Kambakoche humwogopa pweza kupindukia. Hutoka mbio, akanaswa akiwa mzima kabisa. Mzamiaji akimgeuza na kuona mayai, anaweza kumwachia palepale. Baada ya hapo hakuna mwingine yeyote mwenye uwezo huo, si wakala, si dereva wa basi, na mimi ndio kabisa.

Aliyenigundua ni mpishi. Aliinua mkia, akapitisha kidole kwenye vijipezi na kusema, "Mama, huyu amesuguliwa." Kumbe mayai hung'ang'ania nywele ndefu ambazo jike huota kwa kazi hiyo, na brashi haiziondoi. Kisha akanionyesha kifuani doa jeusi lililokwaruzwa. Dume hubandika mbegu zake hapo, zikakauka. Jike anapotaga huzikwaruza kwa vijikoleo vya miguu yake ya mwisho ili zirutubishe mayai. Alama zote mbili zilikuwa mbele yangu kila alfajiri, nikaona uchafu tu.

Hakuniripoti. Aliurudisha mzigo wote, na ndipo nikaanza kuulizauliza.

Bahari yetu ni ya joto, kwa hiyo majike wenye mayai huonekana karibu mwaka mzima, ila hawavuliwi sawa miezi yote. Kusi ikivuma, maji huchafuka na wazamiaji wengi hukaa pwani. Bahari inajifungia yenyewe. Kaskazi ikituliza maji, kila mtu huzama, na oda zangu za Desemba zilikuwa ndizo kubwa kuliko zote. Jike hubeba mayai karibu mwezi mmoja. Yakianguliwa, watoto hawafanani na mama hata kidogo: ni bapa kama jani, unaona hadi upande wa pili, na huchukuliwa na mikondo kwa miezi mingi kabla ya kurudi mwambani. Wengi huliwa njiani, ndiyo maana mama hutaga malaki. Huko Maine, Marekani, kwenye kamba wakubwa wa maji baridi ambao hubeba mayai kwa miezi tisa na zaidi, mvuvi akimpata jike wa namna hiyo humkata pembe ndogo mkiani na kumrudisha majini, ili hata mwakani, akiwa hana mayai, atakayemvua ajue ni mzazi na amwachie. Kisu chao ni cha kumtia alama. Brashi yangu ilifuta.

Nilimpigia wakala nikamwambia sitaki tena majike wenye mayai. Mzee yule alicheka kidogo.

"Mwanangu, zamani vijana walikuwa wakiwatupa baharini kwa kuwa hawana mnunuzi. Walianza kuwaleta ulipokubali wewe."

Hajaniletea tangu siku ile. Lakini hakunificha kwamba ameshapata mteja mwingine wa bei ya chini, na naye pia yuko huku bara.