Mizizi nayo husikia joto

Ukipita katika mitaa ya fleti jijini Nairobi siku hizi, msomaji, hebu inua macho kidogo. Hutakosa kuona mapaipu meupe yaliyotobolewa matundu, na katika kila tundu letusi, spinachi au dania imechomoza kichwa. Hicho ndicho kilimo cha haidroponiki, yaani kukuza mimea katika maji yaliyotiwa virutubishi pasipo udongo. Jina hilo lilienezwa mwaka wa 1937 na William Frederick Gericke wa Chuo Kikuu cha California huko Marekani. Kwetu, watu wamekikimbilia kilimo hiki kwa sababu ambazo kila mwenye familia mjini anazijua: shamba hakuna, na mboga za sokoni mara nyingi hatujui zilinyunyiziwa maji gani. Aliyewahi kuona sukuma wiki zilizonawiri kando ya mkondo wa majitaka hahitaji kuelezwa zaidi.

Wanaouza vifaa hivyo watakueleza habari za mbegu, za jua na za zile chupa mbili za virutubishi. Jambo moja aghalabu hawaligusii, nalo ni joto la maji yenyewe.

Dada yangu mkubwa anaishi Umoja. Alipoachishwa kazi mwaka wa 2023, alikopa fedha katika chama chao cha akina mama, akaomba ruhusa ya mwenye ploti, akaweka mapaipu na tangi jeusi la lita 100 juu ya paa. Alipanda letusi 120, na mkahawa mmoja ulikuwa umekubali kuzinunua. Hesabu yake ilikuwa wazi: letusi zilipe deni la chama, kisha zimlipie kifungua mimba wake karo.

Ilipofika Februari 2024, jua likiwaka kama lijuavyo kuwaka mwezi huo, letusi zilianza kunyauka kila adhuhuri. Maji tele, lakini mimea imelegea kama iliyopandwa jangwani! Aliyemuuzia vifaa alimwambia kwa simu, "Mama, ongeza virutubishi." Akaongeza. Hali ikazidi kuwa mbaya. Kisha akauziwa chupa ya dawa ya mizizi kwa bei ambayo, kwa heshima ya dada, sitaitaja hapa. Wiki ya pili alinyofoa letusi moja akanionyesha. Mizizi iliyopaswa kuwa myeupe kama nyuzi za pamba ilikuwa ya hudhurungi, inateleza, na inanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa mezani.

Saa tisa alasiri nilitumbukiza kipimajoto ndani ya tangi. Kilisoma nyuzi 31 za sentigredi.

Mizizi, msomaji, hupumua. Shambani hupata hewa katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, lakini ndani ya maji hutegemea oksijeni iliyoyeyuka humo. Sasa, maji yakipata joto huishikilia oksijeni kidogo zaidi. Katika usawa wa bahari, maji safi ya nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9.1 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba takriban 7.6 tu. Wakati huohuo mizizi iliyopashwa joto hupumua kwa kasi zaidi, na kwa kukadiria, mahitaji yake huongezeka maradufu kwa kila nyuzi kumi. Ni kama familia iliyopata watoto pacha siku ileile baba alipopunguziwa mshahara.

Sisi wa Nairobi tuna mkosi wetu wa ziada. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kwa hivyo maji yetu ya nyuzi 20 hubeba oksijeni inayokaribiana na ile ya maji ya Mombasa yaliyofika nyuzi 30. Wengi hudhani baridi ya Nairobi inawakinga. Inawakinga nusu tu.

Mizizi iliyokosa pumzi hukosa pia nguvu ya kujikinga. Hapo huvamiwa na vijidudu vya Pythium, vinavyofanana na ukungu, ambavyo chembe zake za uzazi huogelea majini. Baadhi ya aina zake hustawi hasa maji yanapopita nyuzi 25. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mwongozo wao wa kukuza letusi majini, waliweka nyuzi 25 kuwa kikomo, na wakulima wengi hulenga kati ya 18 na 22. Kumimina virutubishi zaidi katika tangi la nyuzi 31 ni sawa na kumlisha pilau mgonjwa wa pumu wakati amekabwa.

Basi mtu afanye nini? Kwanza, pima. Kile kipimajoto cha homa kilichomo kabatini hakifai, maana kipimo chake huanzia nyuzi 35 au karibu na hapo. Nunua kinachotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo. Pima alfajiri, kisha upime tena saa tisa alasiri, kwani kipimo cha asubuhi pekee kitakudanganya.

Kwa dada tulianza na lile tangi jeusi. Tulilihamisha hadi kwenye kivuli cha ukuta wa ngazi, tukaliinua juu ya mbao ili lisiguse saruji ya paa, ambayo mchana huwa kama kikaango, kisha tukalipaka rangi nyeupe. Wewe unayetumia ndoo inayopenyeza mwanga, ipake rangi nyeusi kwanza, halafu nyeupe juu yake. Nyeusi huzuia mwanga usioteshe mwani ndani ya maji, na nyeupe hurudisha jua lilikotoka. Mapaipu nayo yanataka neti ya kivuli, kwa sababu maji membamba yapitayo humo hupata moto upesi kuliko yale ya tangini. Ukiweza, ongeza tangi badala ya mapaipu. Maji mengi huchelewa kupata joto.

Halafu tulilifunga tangi kwa gunia, tukawa tunalilowesha mchana. Ni ujuzi uleule wa mtungi wa bibi zetu: maji yanayotoka jasho na kukauka huondoka na joto. Nairobi, Januari na Februari hewa ikiwa kavu, gunia hufanya kazi nzuri. Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, usilitegemee sana.

Barafu ni ya dharura. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka katika lita 40 za maji huyashusha kwa nyuzi mbili na ushei. Igandishe ndani ya chupa iliyofungwa, na usiijaze pomoni isije ikapasuka. Dada alitumia chupa mbili za lita mbili kila adhuhuri kwa wiki moja, hadi wanawe walipolalamika kwamba friji imekuwa ya letusi. Kujaziliza maji ni jambo lingine: fanya hivyo alfajiri, kwani mfereji unaotoka kwenye tangi la paani hutoa maji ya uvuguvugu mchana.

Kuna wanaozima pampu adhuhuri wakidhani wanaipumzisha. La hasha! Ni kweli pampu iliyozama huongeza joto kidogo, lakini saa ya joto ndiyo saa ambayo mizizi inahitaji maji yatikiswe yavute hewa. Na stima ikipotea je? Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyohitaji pampu wala stima: mmea hukaa juu ya chombo cha maji, na kiwango kinaposhuka, mizizi ya juu hubaki ikining'inia katika hewa yenye unyevu. Anayefuata njia hiyo asijaze maji tena hadi juu, maana ataizamisha mizizi iliyokwisha zoea hewa.

Letusi za kwanza za dada tuliziweka kwenye jaa, zote isipokuwa kumi na tatu. Tulisugua tangi na mapaipu, tukabadilisha maji, akapanda upya. Katikati ya Machi kipimajoto kilikuwa kikisoma 23 saa tisa alasiri, na mizizi ilikuwa myeupe. Fungu la pili lilifika mkahawani, na mweka hazina wa chama akaacha kupiga simu usiku.

Julai ilipoingia na wingu zito la Nairobi, alinipigia simu akiwa na hofu nyingine. Majani yalikuwa yakigeuka zambarau. Maji yalisoma nyuzi 13 alfajiri, na yakiwa baridi hivyo mizizi hushindwa kufyonza fosforasi ipasavyo. "Mdogo wangu, sasa yanataka koti?" akaniuliza. Tukalivua gunia likauke, tukalifunga tena likiwa kavu, tukalirudisha tangi juani. Letusi za Julai huchelewa kwa wiki nzima au zaidi, na mkahawa umeambiwa usubiri.