Engutoto hadi Momella: Gia ya pikapu na tumbo la mtoto

Arusha. Mawingu yakiondoka juu ya Mlima Meru, watoto wa Engutoto huuona mlima wote kutoka mlangoni, na hapo ndipo madai ya safari huanza. Upande huu wa jiji, kuelekea Njiro, pikapu za dabo kebini ni nyingi. Siku za kazi hubeba saruji, maziwa na majani ya ng'ombe. Wikiendi hubeba familia: baba na mama mbele, watoto watatu nyuma, mfuko wa ndizi na chupa za maji miguuni.

Safari inayopendwa si ndefu. Barabara ya Moshi hushuka taratibu kupitia Tengeru hadi Usa River, kisha gari hukata kushoto na kuanza kupanda kuelekea geti la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kama kilomita 30 kutoka mjini. Ndani ya hifadhi kuna kreta ya Ngurdoto na maziwa ya Momella yenye flamingo. Kipande cha kupanda ndicho kinachowatesa wazazi wengi. Mtoto aliyekuwa akiimba Tengeru ananyamaza, anapauka, anaomba mfuko.

Lawama huenda kwa chapati za asubuhi. Mara nyingine chapati zinaonewa.

Pikapu za kisasa nyingi ni za otomatiki. Toyota Hilux ya kizazi kilichotoka 2015 inapatikana na otomatiki ya gia 6, na Ford Ranger imefika gia 10. Kompyuta husoma jinsi dereva anavyokanyaga mafuta, mwendo wa gari na joto la oili ya giaboksi, kisha huchagua gia. Kiwandani imefundishwa kubana mafuta, kwa hiyo hukimbilia gia ya juu mapema. Kwenye tambarare hiyo ni akili nzuri. Kwenye mlima wenye kona inakuwa shida: gari linapanda gia, linakosa nguvu, linarudi chini kwa kishindo, dereva anaachia mafuta kidogo kwenye kona, linapanda tena. Abiria wa nyuma wanasukwasukwa kama maziwa kwenye kibuyu.

Kichefuchefu cha safari huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio huathirika zaidi. Aliyekaa kiti cha nyuma, nyuma ya mgongo wa baba, akichezea simu, macho yake yanauambia ubongo kwamba ametulia wakati sikio linasema anavutwa mbele na nyuma. Kona zina mchango wake, harufu ya dizeli ina wake, lakini mwendo wa kushtukashtuka unaweza kupunguzwa kwa kidole kimoja.

Kwenye Hilux, mkono wa gia ukitolewa D na kupelekwa S, dereva anaweka gia ya juu kabisa ambayo gari linaruhusiwa kufika. Akiweka 3 kabla ya mwinuko kuanza, kompyuta inaacha kuhangaika, na kelele ya injini kupanda kidogo si ugonjwa. Ranger za kisasa zina hali ya kuvuta na kubeba mzigo, ambayo huchelewesha kupanda gia. Dirisha lifunguliwe, simu ziwekwe mfukoni, mtoto atazamishwe mbali mbele, na kifungua kinywa kiwe chepesi lakini kisikosekane.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao unahesabika. Arusha iko karibu mita 1,400, ambako hewa ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, na otomatiki yake hulazimika kushuka gia mara nyingi zaidi. Dizeli yenye tabo haiumii sana. Mgeni aliyekuja na gari lake kutoka pwani anaweza kudhani giaboksi limeanza kufa, kumbe ni hewa.

Magari yaliyotumika kutoka Japani yana kisa chake. Mengi ya zamani kidogo yana kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Kidole gumba kikikigusa kwa bahati mbaya, maandishi ya O/D OFF yanawaka kwenye dashibodi, na gari linakatazwa gia ya juu kabisa. Kuna wanaotembea hivyo miezi, wakilalamikia mafuta. Kwenye Toyota, taa ikitulia ni kitufe tu. Ikipepesa, ni giaboksi linaomba fundi.

Kupanda kunatapisha, lakini kushuka ndiko kunakoua. Njia ya kutoka ukingo wa Ngurdoto ni kali, na masika udongo wa mlima huu unateleza kama sabuni. Bado wapo madereva wanaoweka nyutro mteremkoni ili kubana mafuta, tabia waliyoirithi kwa kabureta. Gari la kisasa likiwa kwenye gia, dereva akiachia mafuta kabisa, injini hukata kunyunyiza mafuta na kuzungushwa na magurudumu. Likiwa nyutro, injini inaendelea kunywa ili isizime. Yaani anayebana ndiye anayetumia zaidi, na kazi yote ya kuzuia tani mbili na familia ameiachia breki. Breki zikipata moto kupita kiasi, kanyagio linaanza kuzama au gari linaacha kusikia.

Wakazi wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana. Februari 24, 2024, eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, lori lililotajwa katika taarifa za awali kuwa limeshindwa breki liligonga magari mengine na watu 25 walipoteza maisha. Lori la mizigo si pikapu ya familia, lakini mteremko hauchagui. Shirika la Afya Duniani linataja majeraha ya barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo watoto wa kwenye bodi ya nyuma, wanaopungiwa mkono na kila mpita njia, hawapaswi kuwa kule hata kama giaboksi ni jipya.

Vipi kuhusu kurekebisha programu yenyewe ya gia? Huduma hiyo ipo, na baadhi ya wenye pikapu huivutiwa: fundi huchomeka kompyuta, hubadili mwendo ambao gia zinaingia na kuongeza presha ya oili ili klachi zishike upesi. Ikifanywa kwa kipimo, gari linatulia mlimani. Ikizidishwa, au ikiambatana na nguvu kubwa ya injini, giaboksi linapewa mzigo ambalo halikutengenezewa, na dhamana ya kiwanda inaweza kuondoka. Kabla ya kufika huko, oili ipimwe, maana oili nyeusi yenye harufu ya kuungua hufanya gia kushtuka na hakuna programu itakayoifuta. Giaboksi nyingi za sasa pia hujifunza zenyewe. Baada ya matengenezo huenda fundi akahitaji kufuta kumbukumbu ya zamani kwa mashine, kisha gari liendeshwe kwa utulivu hadi lizoee upya. Kishindo cha siku mbili za kwanza hakimaanishi kila mara kwamba fundi ameharibu.

Kwenye maziwa ya Momella, watoto wanapotaka kuruka nje kabla gari halijasimama sawasawa, mambo hufuatana hivi: mguu ubaki kwenye breki, mkono wa gia uwekwe N, handibreki ivutwe, breki iachiwe gari likae juu ya handibreki, ikanyagwe tena, ndipo P. Anayeanza na P mteremkoni analiacha gari zima likining'inia kwenye jino dogo la chuma ndani ya giaboksi, na kishindo anachosikia wakati wa kuondoka ni jino hilo likichomoka. Ufunguo hutolewa na kushuka na mzazi. Mtoto anayebaki ndani kumalizia ndizi yake asiachiwe mkono wa gia wa kuchezea.