Jiwe la Tekno

Ngungu, Jumamosi, 5 Agosti 2023

Flashi imefika leo mchana kutoka Goma, imefungwa ndani ya soksi, mfukoni mwa dereva wa pikipiki aliyejaa vumbi mpaka kope. Ndani yake mna filamu niliyoitafuta karibu mwaka mzima: Neptune Frost, ya Saul Williams, Mmarekani, na Anisia Uzeyman, Mnyarwanda. Ilionyeshwa mara ya kwanza Cannes, Julai 2021. Hadithi inatokea Burundi, lakini picha zilipigwa Rwanda, na kati ya waigizaji mna Warundi waliokimbia nchi yao baada ya machafuko ya 2015. Sehemu ya pesa ilichangwa na watu wa kawaida kwenye intaneti. Ni filamu ya mambo ya sayansi yasiyokuwapo bado, ila imejengwa kwa takataka za juzi: skrini mbovu, nyaya, vitufe vya kompyuta.

Nimeitazama usiku peke yangu. Mwanzo nimeurudia mara mbili. Vijana wanachimba koltani, ngoma zinalia. Mmoja wao, Tekno, ameinua jiwe anasimama kuliangalia. Msimamizi anampiga, anakufa pale pale. Matalusa, ndugu yake, yupo.

Nimefunga mashine nikatoka nje. Mtaani kwetu naweza kuhesabu nyumba ambazo hazijatoa kijana kwenda machimboni Rubaya, na vidole vya mkono mmoja vinatosha. Filamu hii lazima ionekane hapa.

Jumatatu, 7 Agosti

Mwenye sale ya video, ukumbi wetu wa filamu na mpira, alikataa kwanza. “Mwalimu, hiyo haina mapigano. Watu watadai faranga zao.” Nimemwomba Jumatano, siku ambayo watu ni wachache, kwa bei ile ile ya faranga 500, na mimi nitatafsiri kwenye maikrofoni bila malipo. Amekubali kwa sharti moja: nisihubiri.

Jioni nzima nimefanya mazoezi. Ndani ya filamu mna Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, tena wanahama kutoka lugha moja kwenda nyingine katika wimbo mmoja. Kirundi wengi hapa watakisikia bila mimi, ila si wote, na wanaokaa mabenchi ya nyuma ndio hasa nawafikiria.

Niliogopa sana habari ya Neptune, mhusika mkuu. Mwanzoni anachezwa na mwanamume, Elvis Ngabo. Safarini anageuka, na kuanzia hapo anachezwa na mwanamke, Cheryl Isheja. Ni mtu mmoja, mwili wenye jinsi mbili. Ukimweleza kwa Kifaransa, kila sentensi inakulazimisha uchague, il au elle. Nimekaa na kalamu nikigundua kwamba Kiswahili hakinidai kitu. Alikimbia. Alivuka. Alilia. Maneno haya yanamfuata Neptune tangu mwanzo hadi mwisho bila kumuuliza chochote. Nimeifurahia lugha yangu kama mtu aliyepata mundu uliopotea.

Jumatano, 9 Agosti, usiku

Waliingia 43. Mkono unatetemeka bado, lakini nataka kuandika kabla sijalala.

Jiwe lilipotokea, mchimbaji mmoja aliyekaa mbele alisema kwa sauti: “Hiyo si koltani.” Wenzake wakamwunga mkono. “Jiwe la ukubwa huo lingemvuta mkono chini. Angalia anavyolibeba, kama mkate!” Wana haki. Koltani ni nzito kuliko macho yanavyotegemea. Mtu aliyezoea huikadiria kwa kiganja kabla ya kufika kwenye mizani. Wakaanza kubishana juu ya shimo lenyewe, nani anasimama wapi, udongo unakwenda wapi, na sauti yangu ikafunikwa.

Halafu pigo.

Katika sale ile, mtu akipigwa kwenye filamu, watu hushangilia, hupiga mabenchi, huhesabu ngumi. Leo hakuna aliyepumua. Nilisikia jenereta ya jirani. Mama anayeuza mandazi mlangoni, ambaye hata hakuwa amelipa, ndiye aliyesema: “Na mama yake, wamemwambia?” Sikuwa na tafsiri ya kumpa.

Baadaye filamu ikaingia kwenye nyimbo na ndoto, wengine wakachoka. “Sasa wanaimbia nini?” Neptune alipogeuka, kelele zikapanda: huyu ni nani, yule mwingine amekwenda wapi? Nikasema ni yule yule. Mzee mmoja akaniita katikati ya kazi: “Mwalimu, amekuwa mwanamke?” Nikamjibu, “Ni Neptune, mzee.” Akatulia kidogo. “Basi endelea.”

Watoto walipenda Digitaria, kile kijiji cha watu waliokimbia, wanaoingia katika mashine za dunia nzima na kuzivuruga. Walisimama kuona vitufe vya kompyuta vimeshonwa juu ya nguo. Mavazi ni kazi ya Cédric Mizero, Mnyarwanda. Hawa watoto wetu wanatengeneza magari kwa waya na vifuniko vya chupa. Wameona mtu mzima amefanya mchezo wao kwa heshima, na kamera ikauangalia polepole.

Waliondoka 11 kabla ya mwisho. Hakuna aliyedai faranga zake.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimesoma yaliyoandikwa Ulaya na Marekani juu ya filamu hii. Wengi wanasifu rangi na muziki, kisha wanasema kisa kinawachanganya. Hapa hakuna aliyeniuliza maana ya mwanzo. Walichokataa ni Digitaria. Sokoni leo kijana wa viazi ameniambia waziwazi: “Ile ya mlimani ni kweli. Ile ya kuzima mashine za wazungu ni uongo, mwalimu.” Sikubali kabisa, nimemwambia hivyo, na tumeachana bila kupatana.

Nilipita kwa fundi simu nikamwomba anionyeshe koltani inapoishia. Kwenye saketi ya kompyuta iliyokufa alitafuta kwa koleo ndogo, akang’oa punje moja ya njano yenye mstari pembeni, ndogo kuliko punje ya mchele. Kapasita ya tantali. Tantali inatoka kwenye koltani. Kazi ya punje hii ni kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa unapohitajika. Nimeiweka kiganjani. Siisikii uzito wowote.

Jumapili, 13 Agosti

Chelsea na Liverpool, 1-1. Sale ilijaa hadi madirishani, na Disasi alipofunga bao la Chelsea watu walikumbatiana, kwa sababu asili yake ni Kongo.

Watu walipotawanyika, wachimbaji watatu walibaki kwenye benchi la mbele. Yule aliyesema si koltani ndiye mkubwa wao. Alitoa faranga 1,500 za wote watatu. Walitaka mwanzo tu. Mwenye sale aliangalia betri, akasema kuna dakika chache.

Niliwapa ile punje ya njano. Ilipita mikononi mwa wote watatu. Mkubwa aliipandisha na kuishusha kiganjani, kama anavyofanya kwa mnunuzi, mara mbili, akanirudishia bila neno.

Kisha tukaanza. Tekno alipoinua jiwe, mkubwa akasema, “Simamisha hapo.”

Nikasimamisha. Uso wa kijana ukajaa skrini, vumbi, macho juu ya jiwe. Walitazama muda mrefu. Mdogo wa huyu mkubwa wao alibaki chini ya udongo miaka minne iliyopita. Sote tunajua, hakuna aliyemtaja.

“Anaangalia nini?” akauliza mmoja.

“Ngoja,” mkubwa akasema. “Mwache aangalie.”

Nikaondoa kidole kwenye kitufe. Tulikaa hivyo, Tekno na jiwe lake, mpaka betri ikaisha.