Kabla hujafunga keria kwenye BMX, soma fremu yake

Kuna swali ambalo chuoni hatukufundishwa, lakini naulizwa karibu kila nikizunguka Mbagala, Chamazi na Kongowe: "Bwana mifugo, baiskeli gani inafaa?" Sishangai. Mchicha, maziwa na mayai ya huku kwetu bado vinafika sokoni kwa baiskeli, na ikikatika fremu njiani, wa kwanza kuumia ni mzigo.

Siku hizi vijana wanataka BMX. Baiskeli hii ilianzia California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wakiiga mashindano ya pikipiki kwenye viwanja vya udongo. Mwaka 2008 mbio zake ziliingia Olimpiki ya Beijing. Fremu yake ilipangwa kwa ajili ya kuruka na kukata kona: tairi za inchi 20, bomba la juu liko chini, na mabomba yanayotoka kwenye krenki kwenda ekseli ya nyuma ni mafupi sana. Ufupi huo ndio ugomvi wake na mzigo. Ukifunga keria, kreti linakaa nyuma ya ekseli badala ya kukaa juu yake, visigino vinaligonga, na kwenye mlima tairi la mbele linataka kunyanyuka. Phoenix ya inchi 28 ni kinyume chake: ndefu, nzito, usukani umetulia. Haina mbwembwe.

Mama mmoja mfugaji wa Chamazi alitaka kumnunulia mwanawe wa kidato cha pili BMX ya mtumba, ili jioni apeleke trei tano madukani, yaani mayai 150. Fedha ilitokana na kuuza kuku waliokoma kutaga. Ndiyo hiyo hiyo ya vifaranga wanaofuata. Nikamwambia ukweli, kwamba mayai hayatapona. "Lakini Phoenix anasema ya wazee, bwana mifugo," akanijibu. Tukaenda kuiona hiyo BMX.

Rangi ilikuwa mpya, inang'aa. Mimi rangi mpya kwenye mtumba huniongezea mashaka. Nilipitisha kidole chini ya mabomba, pale yanapoungana na shingo ya usukani: palikuwa na mkunjo. Mkunjo hapo maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na ufa hufuata. Muuzaji akashusha bei papo hapo. Mama akafunga mkoba.

Hata pasipokuwa na mkunjo, jaribu kamba. Ifunge kwenye ncha ya fremu inaposhika ekseli ya nyuma, upande mmoja, izungushe mbele ya shingo, uirudishe upande wa pili na kuikaza. Kisha pima nafasi kati ya kamba na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikitofautiana, fremu imepinda, na mwenye duka asikwambie ni tairi tu.

Beba na sumaku ndogo. Ikinata, fremu ni ya chuma, na ikikatika fundi wa kuchomelea mtaani ataiunga. Isiponata, mara nyingi ni alumini. Nyepesi, ndiyo, ila mashine za kawaida za mtaani haziiwezi. BMX nzuri huandikwa 4130, chuma chenye kromi na molibdeni, imara kwa bomba jembamba. Lakini stika hubandikwa na yeyote.

Kama ni ya kuchezea tu, nunua BMX kwa amani, ukiangalia urefu wa bomba la juu. Kwa kijana mkubwa au mtu mzima, inchi 20 hadi 21 zinatosha. Fupi zaidi ya hapo, magoti yatagonga usukani.

Yule mama alichukua ya Kijapani ya mtumba, inchi 26, yenye keria yake. Kijana alinuna siku mbili. Trei amezifunga kwa mpira wa tairi la ndani, na chini ametandika gunia lililokunjwa mara nne.