Mawe Yaliyoanguka

Wodini nimewashika mikono wajane wengi wakilia, "Sista, nyumba yangu imebomoka!" Wakishatulia, huwasimulia habari za kanisa dogo la kilimani huko Ronchamp, Ufaransa. Mwaka 1944 mizinga ya vita ililibomoa. Msanifu Le Corbusier alipolijenga upya, hakuyatupa mawe ya zamani. Aliyatia ndani ya kuta mpya. Kilimani maji yalikuwa haba, basi paa la zege likainamishwa likinge mvua na kuimwaga tangini. Likafunguliwa mwaka 1955, na sanamu ya Bikira Maria iliyonusurika vitani ikawekwa dirishani. Mama mwenzangu uliyefiwa, usiharakishe kutupa yaliyobaki. Yaokote polepole. Hayo ndiyo mawe ya kujengea.