Nakubali sana, mwanangu

Nimepotea wiki nzima, msidhani nimekimbia testi. Boom liliisha mapema (mnanijua), basi kaka mmoja anayesoma shahada ya pili akanipa kibarua cha kumkusanyia madodoso ya utafiti wake: wateja wa benki wanaionaje huduma, Mikumi na Kilosa. Mimi mwalimu mtarajiwa, benki naijulia kwenye foleni ya ATM tu. Nikaenda hivyohivyo.

Dodoso lenyewe kalitoa kwenye SERVQUAL, kipimo cha Parasuraman, Zeithaml na Berry cha mwaka 1988. Sentensi 22, kila moja unachagua kuanzia "sikubali kabisa" mpaka "nakubali sana". Nyingi zinaisifia benki. Nyingine zimegeuzwa makusudi, kama ile ya "wahudumu wana shughuli nyingi mno hata hawanihudumii kwa wakati". Aliyeridhika anatakiwa aikatae. Kwenye kompyuta unageuza alama zake, 5 inakuwa 1, kisha unatafuta alfa ya Cronbach uone kama majibu yanakwenda pamoja. Wengi wanataka ifike 0.7.

Mikumi hakukuwa na shida. Pale ni barabara kuu ya kwenda Iringa, madereva wa malori hawana muda wa kumbembeleza mtu. "Andika sikubali kabisa, dogo, tena kwa wino mwekundu!" Ikija sentensi iliyogeuzwa, nao wanageuka nayo.

Siku ya tatu tukaenda Kilosa mjini. Jamani.

Nje ya benki nikamkuta mzee mmoja, mstaafu wa reli. Shikamoo, marahaba, nikaeleza shida yangu, nikaanza kumsomea. Wahudumu wana adabu? "Nakubali sana, mwanangu." Wanakusikiliza? "Nakubali sana." Nikafika kwenye ile iliyogeuzwa. "Nakubali sana." Yote 22 hivyohivyo. Nikashukuru, nikafunga kalamu. Ndipo akaniambia taratibu kwamba yuko pale tangu saa moja asubuhi. Muda huo ilikuwa saa sita na nusu.

"Sasa mzee, mbona hukusema?"

"Nikuharibie kazi yako? Na hao waliokutuma si ndio hao wa ndani?"

Nilimwambia mwanzo kabisa kwamba natoka chuo. Lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe, nina faili, nimesimama mlangoni pa benki. Wewe ungeniamini?

Tumerudi Morogoro, data tumeingiza. Alfa ya ule upande wa wepesi wa huduma imegoma kufika 0.7. Kompyuta inaonyesha kabisa kwamba ukiifuta ile sentensi, inapanda vizuri. Kaka akafurahi: "Tatizo ni swali, tulifute." Na ana hoja, maana hao hao waliokitunga kipimo walikuja kuzibadili zile sentensi zote ziwe za kusifia mwaka 1991, kwa sababu zilikuwa zinawachanganya watu.

Ila mzee wangu hakuchanganyikiwa hata kidogo! Sentensi ile ndiyo pekee aliyoijibu ukweli. Tukiifuta, yale "nakubali sana" mengine ya upande ule yanabaki yanapatana vizuri mno, alfa inatupigia makofi, na ripoti inasema wazee wa Kilosa wameridhika. Nikamwambia kaka bora aripoti alfa zote mbili, Mikumi kando na Kilosa kando, na aseme tuliwahoji watu mlangoni pa benki. Akaniuliza nasoma ualimu au takwimu. Kimya kidogo. Mwisho akasema atamuuliza msimamizi wake, na hela yangu atanipa baada ya hapo.

Halafu jana darasani zikapita zile fomu za kutathmini wahadhiri. Mhadhiri mwenyewe kasimama mbele, CR anakusanya. Nikashtuka nimeshatiki "nakubali sana" safu nzima, na kikao cha saa mbili asubuhi huwa anaingia saa tatu kasorobo.

Nimeomba fomu nyingine, CR anasema zimeisha. Mwenye ya ziada aje Block B. Na mwenye habari za boom pia.